Mlango wa Mwisho wa Bi Razan

Mtaa mzima wa Mkomani hapakuwa na mtu aliyejua milango ya watu kama Bi Razan. Si kwa umbea, ingawa na huo alikuwa nao, wa kutumia na wa kuweka akiba. Aliijua kwa kazi. Ukiwa na harusi na unataka wanawake waje, hukwenda kwa mchapa kadi. Ulimwita Bi Razan. Anavaa buibui lake, anatia tambuu kwenye mkoba, anaingia vichochoroni, na kila mlango anasimama pale dakani, kwenye kibaraza cha mlango, anapiga hodi, anaita jina la mwenye nyumba, kisha anaiachia ile kauli yake ambayo mpaka watoto wachanga waliijua:

"Hodi! Bi Fulani! Umealikwa. Uje kwa miguu yako, ule kwa mkono wako, na usiponiona pale, jua nimekufa!"

Basi. Ukishaitwa hivyo, umealikwa. Na usipoitwa, hukualikwa, hata kama masufuria ya pilau yamepitishwa mbele ya mlango wako na moshi umekuingia chumbani. Utakaa ndani, utanuna, na huo mnuno utawaachia wajukuu kama shamba.

Ndiyo maana kazi ile haikuwa ya kila mtu. Ukiruka mlango mmoja, umevunja nyumba mbili. Na Bi Razan alikuwa hajawahi kuruka. Hilo alilisema mwenyewe bila kuulizwa, mchana na jioni.

"Mimi hata nyumba ya jini ningeialika," alikuwa akisema, "bora awe na nguo ya kuvaa."

Sauti aliyopewa na Mungu ilikuwa ya kupasua mawe. Akiita mwanzo wa kichochoro, punda aliye mwisho wa kichochoro anageuza shingo. Shule aliiacha darasa la tatu. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia mwalimu alikuwa ameishiwa.

Langoni nako, upande wa pili wa mji, walikuwa na mwalikaji wao, Bi Barke. Mwembamba, mrefu, ana miguu kama ya korongo. Hawa wawili hawakugombana hata siku moja, lakini hawakutembeleana pia. Kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze. Huku wakingoja walirushiana maneno kupitia watu.

"Barke akiita," alisema Bi Razan, "watu hudhani ni bawaba yataka mafuta."

Na maneno yakifika Langoni, yalirudi na mzigo: "Mwambieni Razan, yeye akiita, mimba hugeuka tumboni."

Wote wawili walicheka, kila mmoja nyumbani kwake.

Sasa magoti. Magoti ya Bi Razan yalianza kulia kidogo kidogo kama mlango wa stoo, kisha yakagoma kabisa. Daktari akamwambia ngazi basi. Jamani, kumkataza mtu wa Mkomani ngazi ni kumwambia alale nje na paka. Nyumba zote za mawe, ghorofa juu ya ghorofa, hata kuingia dakani ni kupanda. Akawa anakaa kwenye kiti cha kamba sebuleni, ameweka miguu juu ya kigoda, anawatukana wapita njia kwa mapenzi.

Na hapo ndipo ikaja harusi ya binti wa Bi Umulkheir. Si harusi ndogo. Bi Umulkheir ana jamaa kuanzia Mkomani mpaka Siyu, na waliokwenda Siyu nao wana jamaa. Kaka yake, Bwana Abdulkadir mwenye duka la vitambaa, akaja kwa Bi Razan na sura ya mtu aliyeleta rambirambi.

"Bi Razan, wewe pumzika. Umetualikia mji huu vya kutosha. Mara hii tutatuma kadi kwa simu. Mtu abonyeza mara moya, mji wote umepata."

"Ukituma kadi, watakuja watu wa kadi."

"Ndio watu haohao."

"Sio haohao. Aliyeitwa ina lake, jina lake hasa, na aliyeoneshwa picha ya maua si mtu mmoya. Huyu aja, yule aangalia."

Abdulkadir akakuna ndevu. Alimheshimu, alikuwa amealikwa naye tangu mamake akimbeba. "Haya. Mpaka Alhamisi. Ukipata ndia ya kualika bila kupanda ngazi, kazi ni yako. Usipopata, Alhamisi jioni natuma kadi."

Alipotoka, Bi Razan alinyamaza. Na Bi Razan kunyamaza si jambo la kawaida. Paka alikuja kumwangalia kama yu hai. Alijua. Harusi ya nyumba ile ikipita kwa kadi, inayofuata haitauliza. Watasema, mbona kwa Bi Umulkheir ilikuwa sawa tu? Na hapo hakutakuwa na Bi Razan tena. Kutakuwa na mwanamke mzee mwenye kelele.

Juu kwake, chumba kinachotazama uani, alikuwa na mpangaji. Mwalimu Nerea, msichana wa bara, kutoka upande wa Ziwa, aliyeletwa kufundisha kompyuta katika chuo kimoja pale mjini. Mpole, mcheshi, anakula ugali mpaka na mkate wa mofa. Alimsikia Bi Razan akiwa kimya, akashuka mbio.

"Mama, uko sawa?"

"Nimekufa. Nangoja kuzikwa."

Akamweleza. Nerea akasikiliza, kidevu mkononi. Kisha akauliza swali moja ambalo Bi Razan baadaye alisema lilikuwa lake yeye mwenyewe, na msichana kalidaka tu hewani.

"Hao watu, Mama, wanataka miguu yako ama wanataka sauti yako?"

Kesho yake alasiri, Nerea akateremka na kikompyuta kidogo, ukubwa wa kijaluba cha udi, kimechomekwa laini ya simu ubavuni. Akakiunganisha na skrini na kibodi, akaviweka juu ya meza ya kulia.

"Mpango ni huu. Wewe unarekodi jina la kila mama, halafu unarekodi ile kauli yako. Hii mashine inaweka namba zao. Siku ya kualika unaandika majina kwa mstari mmoja, mashine inampigia kila mtu, inaita jina lake kwa sauti yako, inamalizia na kauli. Wewe umekaa hapa unakunywa kahawa."

"Na itawajuaje?"

"Hapo ndipo kazi iko. Lazima nifanye programu ya kuukata mstari uwe maneno. Naandika kwa lugha inaitwa C."

"Lugha ya herufi moya? Zingine wameshashika wengine?"

Nerea akacheka, akaanza kubonyeza. Bi Razan akasogeza kiti. Alikuwa hajawahi kukaa karibu na kitu kile, na moyoni alikuwa tayari kukidharau.

"Kata basi. Mbona rahisi? Mtoto wa chuoni aona neno hili, aona neno lile."

"Mtoto anaona, Mama. Hii haioni. Wewe ukiandika maneno matatu, yenyewe haipati maneno matatu. Inapata namba zimepangana. Kila herufi ni namba. A ina yake, B ina yake."

"Na pale pasipo na kitu? Pale katikati ya neno na neno?"

"Hapo ndio pazuri. Hapo pia kuna namba. Nafasi ni thelathini na mbili."

Bi Razan akamwangalia. "Pasipo na kitu pana namba."

"Eeh."

"Yani kimya nacho kimeandikwa."

"Kimeandikwa, Mama. Bila hiyo mashine haijui kitu. Inatoka mwanzo, herufi moja, ingine, ingine, inauliza kila moja: wewe ni thelathini na mbili? Hapana. Wewe? Hapana. Wewe? Ndiyo. Basi pale inaitoa ile nafasi, inaweka sifuri. Ile sifuri ni kama kusema, neno limeisha hapa. Halafu inaendelea mbele. Iko chombo cha kufanya hiyo kazi, kinaitwa strtok. Ni kama kisu."

"Sitirtoki," alisema Bi Razan, kwa adabu, kama anayetajiwa jina la mgeni.

Alikaa pale mpaka ikaadhiniwa magharibi. Jambo lile lilimwingia mwilini. Maana alilijua! Miaka yote ile alikuwa akipita vichochoroni na hakuwahi kujua kwamba alichokuwa akipita ni mstari. Mlango, ukuta, mlango, ukuta. Ukuta ukiisha, hodi. Kumbe kile kidude kilikuwa kikitembea kama yeye, kinapapasa ukuta gizani, mkono mbele, mpaka kifike pengo, kisimame, kiite. Bila macho. Bila kujua hata ni kwa nani. Na hakiruki!

"Subhanallah," akasema peke yake. "Kipofu mwenye kualika."

Siku iliyofuata wakarekodi. Nerea akamshikia simu mdomoni, akamwambia aanze na jina lolote, la kujaribia tu. Bi Razan akatabasamu vibaya.

"Tuanze na shetani wa Langoni. Akivunjika, avunjike yeye." Akavuta pumzi. "BI BARKEEE!"

Nerea akaiondoa simu, akalitikisa sikio. "Mama, hii mashine inasikia. Usiiue."

Hivyo ndivyo Bi Barke alivyokuwa wa kwanza kuingia mle ndani. Wakafuata wengine, Bi huyu, Bi yule, mpaka koo likakauka. Mwishoni Bi Razan akairekodi ile kauli, na alipofika kwenye "jua nimekufa" aliitia mtetemo kidogo wa ziada, kwa ajili ya historia.

Nerea alikuwa tayari ameijaribu programu yake chuoni na walimu wenzake. Aliandika mstari ndani ya programu yenyewe: Quinter Wairimu Kamau Kipchumba. Simu zikalia, moja moja, kwa zamu, safi kabisa. Basi Jumanne alasiri wakamwita Abdulkadir aje aone kwa macho yake. Akaja, akaketi, akakunja kanzu magotini. Nerea akaandika yeye, Bi Razan akimtajia nyumba za kuanzia. Bi Umulkheir, mwenye harusi mwenyewe, asikie. Bi Mwanaidi. Bi Rukia. Bi Zuhura wa karibu na msikiti. Mstari ukajaa. Nerea akabonyeza.

Wakangoja.

Dirisha la Bi Zuhura lilikuwa palepale ng'ambo, mkono kwa mkono. Halikutoa sauti. Kwa Bi Rukia kimya. Abdulkadir akatazama dari. Mashine ilikuwa inafanya kazi, taa yake ndogo ya kijani inapepesa, inapiga, inakata, inapiga, inakata.

"Yampigia nani?" aliuliza Bi Razan.

Nerea akaisogelea skrini, uso ukambadilika. "Mama... inampigia Bi Barke."

"Nani kamtaja Barke?"

"Hakuna. Imempigia. Sasa imempigia tena. Na tena."

Akajaribu kuizima, mara hii nayo ikawa na kiburi, haizimiki mpaka imalize mstari. Akaungoa waya. Kwa wakati ule kule Langoni shughuli ilikuwa imeshafika mbali, na haikupita muda wakasikia kandambili zinakuja mbio kichochoroni. Bi Barke huyo, miguu ya korongo, buibui limeshuka mabegani, simu ameishika mbali na mwili kama kaa.

"Razan! Nimesikia! Nimesikia, mwanamke wee! Nitakuja! Nitakuja kwa miguu yangu, nitakula kwa mkono wangu, hata ukifa nitakuja! Niachilia!"

"Si mimi, Barke! Ni mashine!"

"Mashine ina sauti yako? Nikishika, Bi Barkeee. Nikikata, Bi Barkeee. Niko msalani, Bi Barkeee! Umekosa mtu mwingine wa kumpenda mji huu?"

Simu ikafa mkononi mwake, chaji kwisha. Akaiangalia, akamwangalia Bi Razan, akasonya sonyo refu la kutoka Langoni, akaondoka. Abdulkadir alikuwa amejifunika uso kwa kilemba. Mabega yanatikisika.

"Alhamisi, Bi Razan," alisema alipopata sauti. "Lakini kadi nimeshaagiza zichorwe." Na akatoka akiwa bado anacheka, na kicheko chake kikaenda kichochoro kizima kama mtu anayealika.

Nerea aliona aibu ya kutosha watu wawili. Akakaa sakafuni na kuisoma programu yake kutoka juu. Haikuchukua muda.

"Nimeona. Ni mimi. Mimi nilijaribu na majina matupu, Quinter, Kamau. Huku kwenu kila mama ana Bi mbele. Nilimwambia strtok akate penye nafasi, akakata Bi peke yake, na jina peke yake. Sasa anatafuta mtu anaitwa Bi. Wa kwanza kuanza na Bi mle ndani ni Bi Barke, akamchukua. Halafu anatafuta Umulkheir, hamna, kwa sababu tumemwandika Bi Umulkheir. Halafu Bi tena. Barke tena."

Bi Razan akatafakari. "Yani kwake yeye mji mzima ni Bi, na Bi wote ni Barke."

"Eeh. Dawa ni rahisi. Tunaondoa hizo Bi zote."

Kimya kikaingia, na mara hii kilikuwa na namba kubwa.

"Mwalimu," alisema Bi Razan polepole, "wewe wanitaka nisimame mlango wa Bi Umulkheir nimwite Umulkheir? Kama namwita mbuzi?"

"Ni mashine tu itakayoona, Mama. Sauti itabaki na Bi."

"Nitaandika mimi kwa mkono wangu. Mkono wangu hauna adabu tofauti na ya mdomo. Nyumba hii ilifundishwa Bi kabla ya kufundishwa kula."

Nerea akajaribu tena. "Basi tuunganishe na kistari chini. Bi, kistari, jina."

Akamwonesha kwenye skrini. Bi Razan akakodoa. "Na huyu amefungwa kamba ya nini? Kaiba?"

Nerea akanyoosha mikono juu. Bi Razan akaegemea kiti, akafumba macho, akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Akaanza kualika. Taratibu, kwa sauti ya chini, kama anavyopita. Bi Umulkheir. Akavuta pumzi. Bi Mwanaidi. Akavuta pumzi. Bi Rukia. Nerea akainua kichwa, akamsikiliza. Kati ya Bi na Umulkheir palikuwa na pengo, ndiyo, lakini pumzi haikuwa pale. Pumzi ilikuwa mlangoni.

"Mama, rudia."

Akarudia.

"Hiyo pumzi kwa maandishi ni nini?"

"Ni hiki kidudu cha mkia," Bi Razan akasema, akiweka kidole kwenye kibodi, juu ya mkato. "Mwalimu alinifikisha hapo kabla hajaishiwa."

Nerea akageukia programu. Bi Razan alitegemea ataiandika upya yote, siku nzima, pengine mbili. Msichana akaenda mahali pamoja, palepale kilipo kile kisu, akafuta nafasi, akaweka mkato. Alama moja. Chini yake akaongeza kijimstari kifupi cha kumeza nafasi zinazotangulia jina, ili ukiandika mkato ukaacha pengo isichanganyikiwe.

"Tayari."

"Tayari nini?"

"Nimemwambia asikate tena penye nafasi. Akate penye pumzi."

Bi Razan aliutazama ule mkato kwenye skrini, mdogo, ule hata nzi angeuona mdogo. Kitu kile kile, kipofu kile kile, kinapapasa ukuta ule ule. Umembadilishia alama moja tu ya kusimamia na mji mzima umesimama upya, kila mwanamke ana heshima yake mbele ya jina lake. Nywele zikamsimama mikononi.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, aliandika mwenyewe. Kidole kimoja, hicho cha shahada, kinashuka kama anavyodonoa kuku. Bi, nafasi, jina, mkato. Bismillahi mdomoni kila jina. Nerea alikuwa amesimama nyuma bila kupumua. Alipofika mwisho, Bi Razan akatabasamu lile tabasamu baya.

"Na Barke tumtie mkiani. Yuzi kala peke yake, yeo ale mwisho."

Akaandika Bi Barke. Akabonyeza Enta.

Kwanza hapakuwa na kitu. Punda akapita na mchanga. Kisha, ng'ambo ya kichochoro, simu ya Bi Zuhura ikalia ndani ya dirisha, na kwa kuwa Bi Zuhura ana masikio mazito na simu yake daima iko kwenye spika, sauti ikatoka yote nje:

"Hodi! Bi Zuhuraaa! Umealikwa. Uje kwa miguu yako..."

Bi Razan akashika mdomo wake kwa mkono. Ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umefungwa na sauti yake ilikuwa nje.

"Abee!" alijibu Bi Zuhura, akafungua dirisha amtafute mlangoni.

Kabla halijafungwa, ikalia simu nyumba ya nyuma. "Hodi! Bi Rukiaaa!" Kisha mbali kidogo, juu, ghorofa ya tatu, kule ambako Bi Razan hakuwa amepanda tangu magoti yagome. Kisha chini ya wikio, kwenye ile nyumba inayovuka kichochoro kama daraja, na pale mawe yakaichukua sauti na kuizungusha. Ikaenda. Akaisikia ikienda. Ilikunja kona palepale alipokuwa akikunja yeye, ikasimama, ikaita, ikaendelea, haikupumzika mahali, haikuomba maji. Juu ya dari wanawake wakaanza kuulizana, umeitwa? nimeitwa! na wewe? Kigelegele kikapanda kimoja, kikazaa vingine. Mwisho wa kichochoro, punda wa mchanga akageuza shingo.

Wanasema Abdulkadir alitoka dukani na kitambaa begani, akatazama huku na huku kumtafuta Bi Razan, akapiga hatua mpaka kwenye kona ilikotoka sauti. Hakumwona. Akasimama katikati ya njia, ile mita ya kupimia mkononi, akisikiliza. Kadi zake hazikutumwa.

Bi Razan alikuwa analia. Asikudanganye mtu kwamba ilikuwa vumbi, ingawa yeye mwenyewe ndivyo anavyosema.

"Ewe Mola," alisema, "umenipa miguu mingi hivi na magoti haya mawili mabovu?"

Taa ya kijani ikatulia. Nerea akainama kusoma, akakunja uso.

"Wote wamepata, Mama. Amebaki mmoja. Mashine inasema haimjui."

"Nani?"

Nerea hakutaka kusema. "Bi Barke."

"Yuzi alikuwa wamjua mpaka msalani!"

"Ni ile Enta uliyobonyeza mwisho. Nayo inaingia kwa mstari. Wengine wote wamekatwa na mkato, yeye ni wa mwisho, Enta imemshika mkia. Mashine inaona Bi Barke na kitu kingine."

Bi Razan akapangusa macho. "Hata kumaliza kuna namba?"

"Kumi."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeoneshwa bahari kwa mara ya kwanza. Nerea alikuwa ameshakaa kwenye kibodi. "Dakika moja tu naikata, Mama. Nampigia sasa hivi."

Lakini kigelegele kilikuwa kimeshavuka kwenda Langoni. Mji mzima umeitwa, na huko kuna mwanamke mmoja ameshika simu kimya. Na mwanamke huyo ni mwalikaji. Anajua bei ya mlango uliorukwa kuliko mtu yeyote duniani, isipokuwa mmoja.

"Wacha," alisema Bi Razan. "Nipe buibui."

"Mama, magoti!"

"Ya mlango mmoya yapo."

Akaenda. Si kwa mwendo wa zamani. Alikuwa akitoka daka hadi daka, akikaa kila penye baraza, na kila alipokaa watu walimshangaa: umetualika sasa hivi, umefikaje hapa? "Mimi niko kila mahali," aliwaambia, akihema. "Hamkujua?" Nerea alimfuata nyuma na chupa ya maji, amekatazwa kumshika mkono.

Bi Barke alikuwa amesimama mlangoni kwake, amevaa, amekunja mikono.

"Yuzi waniita mpaka simu yafa," alisema kabla hajasalimiwa. "Yeo nti nzima yaitwa, mimi simu yangu kama kaburi. Nikasema, haya, Razan amekusudia. Ameniweka yuu ili anishushe."

Bi Razan hakujibu. Alishika mhimili wa mlango, akapanda ngazi ya kwanza, goti likalia mpaka Nerea akalisikia. Akapanda ya pili. Akasimama mbele ya mwanamke ambaye alikuwa hajawahi kumpigia hodi maisha yake yote, akavuta pumzi iliyobaki.

"Hodi. Bi Barke. Umealikwa. Uje kwa miguu yako, ule kwa mkono wako, na usiponiona pale, jua nimekufa."

Haikupasua mawe. Ilikuwa na mikwaruzo, na haikufika hata nyumba ya pili. Bi Barke aliisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ya fundi anayemsikiliza fundi.

"Abee," alisema. Kisha: "Mashine yako imekosea tena?"

"Mashine yangu haikosei. Wewe nilikuwekea miguu."

"Mwongo."

"Mwongo mwenye magoti. Nipisha nikae, wee bawaba."

Bi Barke akasogea, akamshika kwapa, akamkalisha dakani. Kahawa ikaletwa. Na Nerea alisimama kwenye kichochoro na chupa yake ya maji, akiwasikia wakianza palepale kubishana ni nani aliyeanza.

Jumamosi Nerea aliteremka na kompyuta yake, akasema sasa aikate ile Enta, isije ikasumbua harusi inayofuata. Bi Razan akaiwekea mkono juu, kama anavyofunika chakula.

"Usiiguse. Mmoya wa mwisho nitamwendea mwenyewe."

Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Mji mzima unaitwa na mashine, na jina analoliandika mwisho mashine hailijui. Mwanzo wanawake walilalamika. Sasa wanamletea mahamri asubuhi mapema, wanazungukazunguka, wanaulizia hali ya magoti, na ukiwasikiliza vizuri wote wanataka kitu kimoja: wawekwe mkiani.